Misuli Hujengwa Sokoni au Dukani?

Jimu zimeenea katika miji yetu, kuanzia zenye viyoyozi na vioo ukutani hadi za uani, ambako vyuma ni makopo yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Kote huko kijana akishazoea mazoezi huuliza swali moja: nile nini ili mwili ujae? Majibu anayopewa yanagongana. Huyu anamwambia anywe mayai mabichi, yule anamshauri anunue kopo la poda, mwingine anamnong'oneza habari za vidonge. Jambo hili linagusa mfuko na afya ya vijana wengi, nalo linastahili kujadiliwa kwa hesabu badala ya uvumi.

Katika mjadala huu nimekusanya hoja zinazosikika zaidi na kuzigawa kwa wazungumzaji wanne: Kijana anayetumia poda ya protini, Kocha wa mazoezi ya vyuma, Afisa Lishe, na Mama Lishe mwenye kibanda cha chakula jirani na jimu jijini Dar es Salaam. Mada ni hii: mtu anayetaka kujenga misuli aipeleke fedha yake sokoni au kwenye duka la virutubisho?

KIJANA: Shikamooni wakubwa zangu. Mimi sifichi, ni mtu wa poda, na sababu ninazo. Naamka alfajiri kuwahi daladala, nashinda dukani Kariakoo, jioni napitia jimu, nyumbani nafika usiku. Maharage nitayachemsha saa ngapi? Kipimo kimoja cha poda ya wei ndani ya chupa ya maji kinanipa gramu 20 hadi 25 za protini, wala sihitaji jiko au friji. Tena wei asili yake ni maziwa. Ni yale majimaji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kutengeneza jibini. Karibu asilimia 20 ya protini ya maziwa ni wei, na asilimia 80 ni kaseini. Wei inameng'enywa upesi, na ina leusini kwa wingi, ile asidi amino inayouamsha mwili uanze kujenga misuli. Kama maziwa ni chakula, basi na poda hii ni chakula.

KOCHA: Marahaba, kijana wangu. Kuhusu wei sina ugomvi nawe. Ugomvi wangu uko kwenye sahani yako. Wengi ninaowafundisha huja na kopo kwenye begi, lakini nikiwauliza wamekula nini tangu asubuhi, wananiambia chai na chapati mbili, mchana chipsi kavu. Siku nzima haina protini ya maana, halafu mtu anategemea kipimo kimoja cha poda kifanye kazi ya milo mitatu. Baada ya miezi miwili analalamika kwamba mwili haujai, ananunua kopo la bei kubwa zaidi.

AFISA LISHE: Naomba tuanze na kipimo, maana tukibishana bila kipimo hatutafika. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa yalitoa ripoti inayosema mtu mzima mwenye afya anahitaji gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Hicho ni kiwango cha kuulinda mwili usipungukiwe. Anayenyanyua vyuma anahitaji zaidi. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha majaribio 49 yenye washiriki 1,863, ukaonyesha kwamba faida ya kuongeza protini inafikia ukingoni kwenye gramu 1.6 hivi kwa kilo. Ukizidisha hapo, kwa wastani misuli haiongezeki tena. Basi, mdogo wangu, una kilo ngapi?

KIJANA: Kilo 70, dada.

AFISA LISHE: Zidisha kwa 1.6. Unahitaji gramu 112 kwa siku. Asiyefanya mazoezi mwenye uzito kama wako anahitaji gramu 58.

KIJANA: Hapo ndipo mnaponipa ushindi. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini. Gramu 112 ni karibu mayai 19 kila siku! Nani ana tumbo hilo?

MAMA LISHE: Mwanangu, nani kakutuma ule mayai matupu? Chakula ni mseto. Njoo asubuhi nikupe mayai mawili ya kuchemsha, glasi ya maziwa na vipande vya mkate. Mchana nikupakulie ugali, maharage, na dagaa pembeni. Jioni wali na samaki. Ukiwa njiani tafuna konzi ya karanga. Dada hapa apige hesabu.

AFISA LISHE: Nimeshaipiga, mama. Mayai mawili yana gramu 12, glasi ya maziwa ya mililita 250 gramu 8, mkate gramu 6. Asubuhi tuna 26. Mchana, ugali wa gramu 150 za unga una protini 12, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, na gramu 30 za dagaa kavu zina 18. Jumla 45. Jioni, wali una 7 na kipande cha samaki cha gramu 120 hakipungui 29, yaani 36. Konzi ya karanga 7. Siku nzima imefika gramu 114, na kopo halijafunguliwa.

KIJANA: Nimekubali kwamba inawezekana. Lakini protini ya maharage na ugali mnailinganishaje na ya wei? Tunaambiwa protini ya mimea haijakamilika.

AFISA LISHE: Ukila mmea mmoja peke yake, hoja yako ina uzito. Mahindi yana upungufu wa laisini, na maharage yana upungufu wa methionini. Lakini maharage yana laisini nyingi, na mahindi yana methionini ya kutosha, kwa hiyo kimoja kinaziba pengo la kingine. Ugali na maharage, makande, wali na choroko, vyote vina mpango huo. Soya inajitosheleza zaidi kuliko jamii nyingine za kunde, na ikiwa kavu ina gramu 36 hivi za protini katika kila gramu 100. Ni kweli kwamba protini ya mimea humeng'enywa kwa kiasi kidogo kuliko ya nyama, mayai au maziwa. Kwa sababu hiyo asiyekula nyama aongeze kipimo, na anayekula aweke kitu kidogo cha mnyama juu ya msingi wa kunde. Hizo gramu 30 za dagaa zinafanya kazi kubwa.

MAMA LISHE: Na dagaa wanadharauliwa! Kijana ananipita anakwenda kutafuta mishkaki miwili, eti dagaa ni chakula cha shida. Mimi nawachagua wa Mwanza au Kigoma waliokaushwa juu ya vichanja, maana waliokaushwa chini wana mchanga. Nawatoa vichwa, nawaosha kwa maji ya moto mara tatu mpaka maji yatoke meupe, nawachuja. Kisha nakaanga mafuta kidogo, kitunguu mpaka kipate rangi, nyanya, karoti, nawamwagia humo, mwisho nakamulia limau. Utaramba sahani. Na maharage nayaloweka usiku, asubuhi namwaga yale maji, nayachemsha mpaka yaive kabisa. Hayasumbui tumbo.

AFISA LISHE: Mama ametugusia jambo la kitaalamu. Kuloweka na kumwaga maji kunapunguza faiteti, kemikali inayozuia mwili kufyonza chuma na zinki, na kunapunguza gesi. Maharage, hasa mekundu, yasipochemshwa vizuri yana sumu inayosababisha kutapika na kuharisha.

KOCHA: Na mayai mabichi? Kila wiki namkuta mtu anapasulia mayai kwenye glasi, anafumba macho, anakunywa.

AFISA LISHE: Anapoteza nusu ya mali yake. Utafiti uliofanyika Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 1998 ulipima jambo hilo moja kwa moja. Protini ya yai lililopikwa ilimeng'enywa kwa asilimia 91 hivi, ya yai bichi kwa asilimia 51 tu. Juu ya hasara hiyo kuna hatari ya vimelea vya salmonela. Yai lichemshwe.

KIJANA: Sawa. Turudi kwenye muda. Niliambiwa nisipokunywa protini ndani ya nusu saa baada ya mazoezi, tizi lote limepotea. Sahani ya Mama inanifuata wapi jimu?

KOCHA: Maneno hayo yameuza makopo mengi. Mwili uliofanyishwa kazi unaendelea kujenga misuli kwa saa 24 na zaidi. Kinachoamua ni jumla ya siku na namna ulivyoigawa, gramu 20 hadi 40 kwa kila mlo, milo mitatu au minne. Ukila saa mbili baada ya mazoezi hujapoteza kitu. Na nikuongezee: misuli inaamriwa na mzigo. Kama leo unanyanyua kilo 40 na mwakani ni 40 zile zile, hakuna chakula wala poda itakayokujaza. Ongeza uzito kidogo kidogo, pumzisha kila kiungo, lala saa saba au nane. Tena usiogope ugali na wali. Mwili ukikosa wanga wa kutosha utachoma protini kama kuni, na hiyo ndiyo protini uliyoinunua kwa bei ghali.

KIJANA: Kwa kuwa mmetaja bei, tuiseme yote. Kilo moja ya steki ina gramu 210 hivi za protini. Kopo kubwa la poda la kilo 2.27, lenye protini asilimia 75, lina gramu 1,700. Hilo ni sawa na kilo nane za steki. Watu wakisikia bei ya kopo wanashtuka, lakini steki kilo nane mnazipata bure?

AFISA LISHE: Hesabu yako ni sahihi, nami napenda ulivyoileta. Hivyo ndivyo bidhaa zinavyopaswa kulinganishwa, kwa bei ya gramu ya protini. Ila usiishie kwenye steki. Gramu hizo 1,700 zimo ndani ya trei tisa na nusu za mayai 30. Zimo ndani ya kilo nane hivi za maharage makavu. Na kwa dagaa wakavu zimo ndani ya kilo tatu kasoro. Chukua bei ya kopo, kisha nenda sokoni kwenu na bei za vitu hivi. Nyama ya sehemu ghali inaweza kukaribiana na poda. Dagaa na maharage yanaiacha poda mbali.

KIJANA: Na zile poda za kuongeza uzito, kopo kubwa kama ndoo?

AFISA LISHE: Soma lebo kabla ya kulipa. Nyingi ya hizo uzito wake mkubwa ni wanga na sukari, kwa jina la maltodekstrini, na protini ni sehemu ndogo. Mtu mwembamba anayetaka kunenepa atapata matokeo hayo hayo kwa uji mzito wenye maziwa na karanga za kusaga, asubuhi na usiku.

KIJANA: Basi nitawauliza la mwisho kwa upande wa duka. Kreatini nayo mnaikataa?

AFISA LISHE: Hapana. Hapo duka lina hoja yenye nguvu. Kreatini ilitolewa kwenye nyama kwa mara ya kwanza mwaka 1832 na mwanakemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul. Mwili unaitengeneza wenyewe kiasi, na sehemu nyingine inatoka kwenye nyama na samaki. Inahifadhiwa ndani ya misuli kwa ajili ya kazi ya nguvu ya muda mfupi, kama kunyanyua au kukimbia mbio fupi. Kilo ya nyama mbichi ya ng'ombe ina gramu 4 hadi 5. Dozi iliyothibitishwa na tafiti nyingi ni gramu 3 hadi 5 kwa siku, kwa hiyo kuipata yote kwa chakula ungehitaji karibu kilo ya nyama kila siku. Aina ya kawaida, kreatini monohaidreti, inatosha. Inavuta maji kuingia kwenye misuli, ndiyo maana uzito hupanda mwanzoni. Ukipimwa damu mwambie daktari kwamba unaitumia, maana inaweza kupandisha kipimo cha kreatinini kinachotumika kuangalia figo. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila ruhusa ya daktari, na hata protini nyingi asijiongezee kiholela.

KOCHA: Sasa niseme linaloninyima usingizi, maana poda na kreatini ni mambo madogo. Vijana wanapewa vitu visivyo na lebo.

AFISA LISHE: Hata vyenye lebo vina mashaka, kocha. Maabara ya kupima dawa za michezo ya Cologne, Ujerumani, ilinunua virutubisho 634 kutoka nchi 13, vyote visivyotangaza homoni yoyote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba 94 kati yake, karibu asilimia 15, vilikuwa na steroidi zisizoandikwa kwenye lebo. Kwa mwanariadha hilo ni janga, kwa sababu kanuni za Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli zinamfanya awajibike kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake. Adhabu inaweza kupunguzwa, lakini matokeo yake yanafutwa. Kenya ilitunga sheria na kuunda wakala wake wa kupambana na dawa hizo mwaka 2016, na wanariadha wake wanalijua somo hili kwa uchungu.

KIJANA: Lakini mtu wa kawaida hapimwi.

AFISA LISHE: Mwili wake unapimwa. Steroidi zinazimisha korodani zisitengeneze mbegu, zinavuruga mafuta ya damu, zinachosha ini na moyo. Kuna pia vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa kificho, vingine ni deksamethasoni, dawa ya hospitali. Uso unajaa, mashavu yanang'aa, mtu anadhani amenenepa. Yale ni maji na mafuta. Ndani, dawa hiyo inayeyusha misuli, inapandisha sukari na shinikizo la damu, na akiiacha ghafla anaweza kuzimia. Kijana anayetaka misuli anameza kitu kinachoila misuli.

Na udanganyifu upo hata kwenye protini yenyewe. Kipimo cha kawaida cha maabara kinahesabu naitrojeni, kisha kinakisia protini. Mjanja akichanganya asidi amino za bei rahisi kama glisini au taurini, namba inapanda huku protini ya kujenga misuli ikiwa pungufu. Mwaka 2008 nchini China wadanganyifu waliweka melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi, kwenye maziwa kwa hila hiyo hiyo. Watoto wachanga karibu 300,000 waliugua na sita walifariki.

KIJANA: Dada, umesema kweli, lakini na mimi nina langu. Sokoni nako kuna sumu. Mwaka 2004 Wakenya 125 walikufa kwa sumukuvu, na ilitoka kwenye mahindi, chakula cha asili kabisa.

AFISA LISHE: Uko sahihi, na naishukuru hoja hiyo. Wagonjwa walioandikwa walikuwa 317, wengi wao Makueni na Kitui. Sumukuvu hupenda mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo nunua karanga kavu, chambua zilizosinyaa, zenye ukungu au chungu, uzitupe. Neno "asili" si cheti cha usalama. Umakini unahitajika sokoni kama unavyohitajika dukani.

MAMA LISHE: Nami niulize, ingawa sinyanyui vyuma. Nimepita miaka hamsini, magoti yanachoka nikibeba ndoo. Haya mambo ya protini yananihusu?

AFISA LISHE: Yanakuhusu sana, mama. Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, kwa wanawake na wanaume. Mwaka 2013 jopo la wataalamu lilipendekeza wenye zaidi ya miaka 65 wapate gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo kila siku. Wewe anza mapema. Usiwagawie watoto samaki wote ukabaki na mchuzi. Jipakulie na wewe, na ukae na kusimama kwenye kiti mara kadhaa kila siku. Hilo ni zoezi tosha la kuanzia.

KIJANA: Basi nitasema hivi. Poda siiachi siku ninazochelewa, lakini haitakuwa tena mlo wangu mkuu. Mama, kesho niwekee maharage na dagaa.

UAMUZI WA MWANDISHI

Nimezisikiliza pande zote, na naamua kwa upande wa soko. Chakula kina protini ya kutosha kwa mjenga misuli, kina bei anayoiweza mtu wa kipato cha kawaida, na kinaleta chuma, zinki, kalisi na nyuzinyuzi ambazo kopo la poda halileti kwa kiasi hicho. Poda ya wei nimeipa nafasi yake halali: ni msaada kwa mwenye ratiba ngumu ambaye tayari anakula vizuri. Kreatini nimeikubali kwa mtu mzima mwenye figo nzima. Vidonge na sindano zinazouzwa chini ya meza nimezikataa bila sharti lolote.

Msomaji, kabla hujanunua chochote jipime uzito, zidisha kilo zako kwa 1.6, kisha kwa siku chache andika kila unachokula na protini yake. Utaliona pengo lako lilipo. Lizibe kwanza kwa mayai, maharage, dagaa, maziwa na samaki. Likibaki pengo na fedha ipo, nunua poda yenye lebo kamili na alama ya shirika la viwango la nchi yako, kutoka duka unaloweza kulirudia ukiwa na risiti. Na mtu yeyote akikuletea kidonge kisicho na jina, akakuahidi mwili ndani ya wiki mbili, mrudishie kidonge chake.